Mama Hodi, Mkunga Aliyebeba Kipimo Begani

Wengi waliofika hapa leo walimjua marehemu kama Mama Hodi, na wapo ambao hawakuwahi kusikia jina lake jingine. Yeye mwenyewe aliitikia tu, na hakumsahihisha mtu.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa fundi seremala na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana. Mdogo wake, ambaye ndiye anayesoma maneno haya, alizaliwa miaka tisa baadaye. Katikati yao zilipita mimba tatu zilizoharibika, na nyumbani hazikutajwa. Marehemu alikumbuka mama akilala mchana, mlango umefungwa, na baba akipiga randa kwa nguvu zaidi kuliko mbao zilivyohitaji. Yeye alikaa chini ya meza ya kazi akijichezea na maranda, maana hakukuwa na mwingine wa kucheza naye.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1978. Wanafunzi wenzake walidhani anaringa. Hakuwa anaringa, hakujua tu mtu anaingiaje katika mazungumzo ambayo tayari yameanza. Mwaka 1979 alijiunga na chuo cha uuguzi na ukunga, akahitimu mwaka 1982, akapangiwa zahanati iliyokuwa mwisho wa barabara: chumba cha kupimia, chumba cha kuzalishia, na nyuma yake chumba cha mkunga chenye kitanda na kiti kimoja.

Mwaka 1986 alifunga ndoa na fundi cherehani wa mjini, mtu mpole wa maneno machache. Fundi alikuwa amempima sare mara tatu katika muda mfupi, na mara ya tatu marehemu alimuuliza kama tepu imepungua au ni yeye anayenenepa. Fundi akakiri kwamba sare ilishakamilika siku nyingi, imetundikwa nyuma ya mlango. Hiyo ndiyo posa yenyewe, na marehemu alipenda kuisimulia.

Tarehe 2 Novemba 1989, akiwa na mimba ya miezi minane, alianza kutokwa damu akiwa kazini. Kondo la nyuma lilikuwa limekaa chini, likaziba njia ya mtoto. Zahanati ilikuwa na mzani, mashine ya presha na kile kitarumbeta cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kuona kondo liko wapi. Gari lilipatikana jioni. Mtoto, wa kike, hakupona, na ili mama apone ilibidi mfuko wa uzazi utolewe. Mumewe alipofika wodini alimkuta amekaa kitandani, anamsaidia muuguzi kukunja mashuka.

Hawakugombana, wala hawakuachana. Kila mmoja alimwonea mwenzake huruma kiasi cha kuogopa kuligusa jambo lile, wakaishia kuzungumzia vitambaa na bomba la maji linalovuja. Yeye alirudi zahanati, mume akabaki dukani, wakawa wanaonana mwisho wa mwezi kama ndugu wawili wanaoheshimiana.

Mwaka 1997 alipelekwa kusomea altrasaundi, kile kipimo kinachoonyesha mtoto akiwa bado tumboni, kisha akahamishiwa hospitali kuu. Huko alikaa katika chumba chenye pazia zito na mashine kubwa kama kabati. Waliofika mbele yake walikuwa wanawake wenye nauli, au wenye waume wenye nauli. Waliotoka mwisho wa barabara aliwaona pia, lakini waliletwa wakiwa tayari wanatokwa damu.

Mwaka 2005 hospitali ilipata mashine ndogo ya kubebeka. Ilifungiwa kabatini. Marehemu aliomba aipeleke kwenye zahanati, na daktari mkuu akakataa, si kwa ubaya: ilikuwa moja tu, na ikivunjika njiani hakuna ya pili.

Marehemu akamwambia, "Daktari, ikiharibikia humo kabatini, hata siku iliyoharibika hatutaijua."

Daktari alifikiri wiki nzima, kisha akampa kwa majaribio. Siku hiyohiyo marehemu alipita dukani kwa mumewe kumwambia kwamba sasa atakuwa safarini zaidi ya mwanzo. Mume aliuliza tu urefu na upana wa mashine, akakesha kwenye cherehani. Asubuhi alimkabidhi begi la turubai lenye mkanda mpana wa begani, ndani limeshonewa blanketi nene, na vipimo vya mashine vimekaa sawasawa, ingawa hakuwahi kuiona. Marehemu alisema hakuna neno alilowahi kuambiwa na mumewe lililozidi begi lile.

Kwa miaka kumi na sita alizunguka nalo. Alibeba chupa ya jeli ya kupaka tumboni kwapani ili isimshtue mama kwa baridi, na kabla ya kugusa tumbo alisema, "Hodi," akimwambia mtoto. Mama akicheka, tumbo linalegea, na picha inaonekana vizuri. Siku moja mume wa mtu, aliyesimama mlangoni kwa wasiwasi, aliitikia, "Karibu, lakini mwenyewe bado hajatoka." Jina likaanzia hapo.

Hakuwafundisha wakunga mambo mengi. Aliwataka wajue watoto ni wangapi, moyo unapiga, kichwa kiko upande gani, na kondo limekaa wapi. Mengine waachiwe madaktari. Pia alikataa kabisa kumpima mama yeyote kabla hajapata dereva aliyekubali kuwa tayari siku hiyo, kwa sababu, alisema, kumwonyesha mtu hatari halafu ukamwacha nayo ni ukatili.

Yako mengi ambayo hakuyasimulia kwa mtu hadi miezi yake ya mwisho, na hili ni mojawapo. Mwaka 2011 alimpima mwanamke mfyatua matofali aliyekuwa na mimba ya miezi saba. Kondo lilikuwa limekaa palepale lilipokaa lake. Alimweleza kwamba lazima akae karibu na hospitali na azae kwa upasuaji. Mwanamke alijifuta jeli, akafunga kanga, akasema mama mkwe wake ameonya kwamba mashine hizo huwatia watu maradhi wasiyokuwa nayo. Akashika mlango.

Marehemu alikuwa hajalitaja jambo lile kwa miaka ishirini na miwili, hata kwa mumewe. Alimwambia yule mwanamke, "Mimi wangu hakupata mtu wa kumtazama. Alikuwa wa kike."

Mwanamke alirudi akakaa kitandani. "Mbona hukuanza na hilo?"

"Sikujua kama ninaweza kulisema."

Walikaa hivyo kwa muda, wawili tu, foleni ikinung'unika nje. Kisha mwanamke akauliza aende lini.

Habari zililetwa na dereva baada ya wiki kadhaa: amepasuliwa, mama mzima, mtoto mzima. Marehemu alisema, "Basi vizuri," akaenda kunawa mikono, na alikaa bombani muda mrefu. Yule mwanamke hakurudi kumwona. Hakuwa na sababu ya kurudi, na marehemu alilielewa hilo. Aliwaona watoto wengi kabla ya mama zao, akawajulia hali, kisha akafunga begi na kulala katika chumba cha nyuma cha zahanati nyingine. Alimwambia mdogo wake kwamba wakati mwingine sokoni alimwona mtoto wa miaka mitano hivi akavutika kumsalimia, akajizuia, maana angeanza kwa kusema nini?

Alistaafu mwaka 2021. Kufikia hapo zahanati saba zilikuwa na mashine zake zenyewe. Aliendelea kufundisha kwa kujitolea.

Mwanzoni mwa mwaka 2022, siku moja ya kliniki, mama wa mwisho alipoondoka, marehemu alifunga mlango, akalala kwenye kitanda cha wagonjwa na kugeuza kioo cha mashine upande wake. Alikuwa na maumivu ya tumbo ya muda mrefu. Aliona uvimbe kwenye kifuko cha mayai, na maji mahali ambapo hayatakiwi kuwa. Aliifuta mashine, akaifunika, akarudi nyumbani, na hakumwambia mtu. Alipokuja kumwambia mdogo wake kwa simu, mvua zilikuwa zimekuja na kwisha.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua."

"Wewe? Wewe unayewapigia watu kelele waje mapema?"

"Mimi nilikuwa nawageuzia wao kioo, nami nimekaa pembeni. Pale chumbani hapakuwa na mtu wa kukaa pembeni yangu."

Alifanyiwa upasuaji Septemba 2022, akapewa dawa, akapata nafuu ya miezi michache. Mumewe alifunga duka akahamishia cherehani chumbani alimolala marehemu. Mchana alishona, yeye akimsikiliza. Siku moja, bila kuinua macho kutoka kwenye kitambaa, mume aliuliza yule binti yao alifanana na nani. Marehemu akamwambia kila kitu anachokumbuka. Ilikuwa mara ya kwanza. Alifariki nyumbani alasiri ya tarehe 9 Juni 2023, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Ameacha mume, mdogo wake mmoja, na watoto wawili wa mdogo wake. Ametanguliwa na baba, na mama, na binti yake.

Wapo pia wakunga watatu aliowafundisha mwisho, ambao majina yao yangepaswa kusomwa kati ya wafiwa. Hawapo hapa. Leo ni siku ya kliniki, na yeye mwenyewe aliagiza foleni isivunjwe kwa ajili yake. Saa hizi kuna mama amelala kitandani, na mtu amekaa pembeni yake.

Mungu amlaze panapo utulivu, asiwe peke yake tena.