Papa Venant na Bibi wa Nyuma ya Mlango

Ndugu, jamaa na marafiki mliojaa uwanja huu wa Muhumba, mimi Colombe, mtoto wake wa kwanza, ninasoma maisha ya baba yetu, ambaye mbele ya Mungu aliitwa Venant, na mbele ya serikali, tangu ilipokataza majina ya Kikristo mwaka 1972, Citoyen Murhula, naye aliitika kote kuwili ili asisumbue mtu.

Papa alizaliwa Kabare tarehe 3 Mei 1928, akasoma kwa mapadri hadi 1946, akawa mwalimu wa Kifaransa hapa Bukavu, na tarehe 27 Agosti 1955 akafunga ndoa na Maman Georgette, wakatuzaa watatu, mimi, Honoré na Bibiane. Kila Jumapili, Maman akichambua maharagwe, Papa alimsomea riwaya moja ya Kirusi yenye kurasa mia nane, akiigeuza papo hapo kuwa Kiswahili, na kati ya watu wote wale wenye majina marefu Maman alimpenda mmoja tu, bibi mlezi asiye na jina, anayekaa siku kumi na moja kando ya kitanda cha binti mgonjwa bila kuondoka.

Mwaka 1977 Maman alishikwa na ugonjwa wa figo, na daktari alipoacha kutaja siku ya kupona, Maman aliomba jambo moja, amuone yule bibi. Filamu ya riwaya ile ilifika katika salle, ukumbi wa parokia, Jumapili tarehe 11 Desemba, na kwa kuwa Papa ndiye aliyeeleza filamu kwa Kiswahili kwenye mikrofoni, tulimbeba Maman hadi mstari wa mbele. Kurasa mia nane zilikuwa zimepunguzwa kuwa saa moja na nusu, farasi wengi, dansi nyingi, na bibi hakuwamo. Papa akatangaza kwamba bibi yuko nyuma ya mlango ule wa kushoto, anachemsha maji, atatoka sasa hivi, na watu wote wakaacha farasi, wakaukodolea macho mlango, wakampigia mwalimu wao kelele, "Maître, fungula basi! Huyu muzee iko anapika nini, ngombe muzima?" hadi filamu ikaisha mlango umefungwa. Maman alikuwa amesinzia begani mwangu, na nyumbani akauliza, "Papa Colombe, alitoka?" Papa akajibu, "Alitoka, maman, akakaa mpaka mwisho." Maman alifariki tarehe 29.

Matanga hayajaisha, Papa akaitwa katika ofisi moja ya serikali kwa kosa la kutangaza mtu asiyekuwamo, akapewa fomu ya kujaza umri na makao ya bibi huyo, akaandika umri miaka sabini, makao sura ya thelathini na nne ya riwaya, fomu ikapigwa muhuri, hivyo bibi ana karatasi kamili kuliko wengi wetu hapa.

Lakini Papa hakucheka tena. Alifuata filamu nyingine ya riwaya ileile hadi Bujumbura mwaka 1979, bibi akawa na sentensi mbili, na katika ile iliyokuja hapa mwaka 1982 nafasi yake alipewa mbwa. Aliacha kula, tension, presha ya damu, ikapanda, tukakaa kwa zamu kando ya kitanda chake, siku kumi na moja, aliyezihesabu ni Bibiane, na Jumanne tarehe 6 Machi 1984 akafariki, akiwa ameagiza isomwe hapa, mbele yenu wote, kwamba alimdanganya mke wake.

Tunawashukuru waganga wa hospitali, majirani wa Muhumba na Nyalukemba, walimu wenzake, na wote waliotazama mlango ule pamoja naye.

Papa, Maman atakuuliza tena, na safari hii huna mikrofoni. Mwambie kweli, kisha wote wawili mpumzike kwa amani.