Punda wa Kufungua Bomba

Asubuhi ile, kwenye benchi la nje ya tanuri la mkate, tulikuwa wanne: Mongia mwenye tanuri, anayetumiminia kahawa yenye maji ya maua ya mchungwa, Khmais, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki, Ami Lazhar, dereva wa basi la shule, siku hiyo kavaa kandambili, na mimi, mama yake Rim. Wa tano, Wided, aliyehamia mtaani wiki ile, alikuja baadaye kununua mkate. Jana yake watoto walikuwa wamerudi kutoka kambi ya shule, kwenye shamba moja huko vilimani. Walipangiwa kulala siku tatu, wakalala moja. Supu iliungua, mbuzi walikula mkate, nzi wakala watoto, na asubuhi magodoro yote kumi na mawili ya hema la wasichana yakakutwa yamelowa chepechepe. Rim wangu ana miaka minane na bado anakojoa kitandani. Kiangazi kilichopita binamu zake walijua, wakamtungia wimbo, akakaa wiki nzima hataki kutoka nje. Kwa hiyo nilikunywa kahawa yangu nikiomba mazungumzo yasifike huko.

— Magodoro yale ni mvua tu, alisema Redio.

— Mvua gani? alisema Mongia. Pilipili zangu ziko juu ya paa tangu Jumapili, hata umande hazijauona.

— Basi ule mfereji wa maji wa Warumi wa kale. Umepasuka chini ya hema. Miaka elfu mbili, Mongia, hata wewe ungevuja.

— Usinipigie fiksi kwenye benchi langu. Mimi naona kuna mtoto kakojoa tu, wanamficha. Mama Rim, binti yako hakukwambia ni nani?

Nilijifanya napuliza kahawa.

— Punda, alisema Ami Lazhar. Punda wa pale shambani. Kafungua bomba kwa meno, kaburuta mpira wa maji mpaka hemani.

— Kaburuta mpira? alisema Mongia.

— Alikuwa punda wa jeshi. Walimfundisha kuzima moto.

— Hapo sasa, alisema Redio. Kasikia harufu ya supu inaungua.

Wided alikuwa amesimama na mkate wake mkononi.

— Samahanini. Wasichana wenyewe walilowa?

— Hapana, alisema Ami Lazhar. Walikuwa wameshatoka kutazama mbuzi wakikamuliwa.

— Kwa hiyo punda aliwasubiri watoke kwanza?

Redio akamtazama Lazhar. Lazhar akatazama ndani ya kikombe. Mimi nikatazama basi lake lililoegeshwa ng'ambo. Viatu vyake vya ngozi vilikuwa juu ya boneti, vinakauka juani. Siku ya safari nilimkabidhi mfuko wenye gauni la pili la kulalia. Nilimwambia, Ami, mpe Rim alfajiri, mtu asione. Sikumwambia mwingine yeyote.

— Kahawa imeniishia, alisema Lazhar.

Nikammiminia yangu yote.

Mwaka uliofuata Rim aliandika jina lake mwenyewe kwenye orodha ya kambi, na shule ikaomba punda afungwe mbali na bomba.