Kitanda cha Fungua-Funga

Marehemu kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Fungua-Funga, alizaliwa tarehe 9 Machi 1954, mtoto wa pili wa fundi viatu na muuza mkaa. Alisoma hadi darasa la saba, kisha akapelekwa kwa mjomba kujifunza useremala.

Mwaka 1979 yeye na mjomba walipeleka kabati ghorofa ya tatu, likakwama kwenye ngazi. Halikupanda, halikushuka, na mwenye nyumba alikuwa upande wa juu akipiga kelele. Ikabidi likatwe kwa msumeno. Tangu siku hiyo marehemu aliachana na gundi, akawa anaunga mbao kwa bolti na nati tu. Kwenye kibao cha karakana yake aliandika: "Hapa kila kitu kinafunguka."

Alifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1985. Kitanda chao alikiundia chumbani humohumo. Shemeji yangu, mkewe, alipoziona zile bolti alinijia machozi yakimlengalenga. "Shemeji, mwanaume anayelala kwenye kitanda cha kufunguka anahama lini?"

Nilipomuuliza kaka, alicheka tu. Basi shemeji akaishi na wasiwasi huo; kila walipogombana, alizitazama bolti. Sisi hatukuuelewa wasiwasi wake, maana mtu mwenyewe hakuwahi kuhama hata chumba.

Mwaka jana kifua kilianza kumbana. Tulihangaika naye hospitalini, lakini siku ya mtu ikifika imefika. Alifariki Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, akiwa ameshika mkono wa mkewe.

Kesho yake, tukitafuta nafasi ya wageni, wanawe walianza kukifungua kile kitanda. Bolti zote zikatoka. Kitanda kikabaki kimesimama vilevile. Tukavuta, tukasukuma, tukalaumiana. Kumbe kila kiungo alikuwa amekitia gundi tangu siku ya kwanza! Sasa bolti zilikuwa za nini? Labda alikionea haya kibao chake cha karakana. Mimi mdogo wake sijui, na wa kumuuliza ndiye huyu tunayemzika.

Shemeji aliketi juu ya kitanda, akalia, kisha akacheka huku bado analia.

"Kumbe hakuwa na safari," akasema. "Zirudisheni bolti zake, asije akaaibika."

Leo shemeji mwenyewe ameniruhusu niwaambie.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na mimi mdogo wake. Mungu amlaze kwa amani, asihame tena.