Mama Bahasha na Barua Zilizorudishwa na Mawingu

Ndugu zetu, majirani, wafanyakazi wenzake, na nyinyi wanachama wa chama chake mliojibana kule nyuma kama watu waliokuja kwa msiba wa jirani, sogeeni mbele, viti ni vyenu. Mimi ni binti yake, mtoto wake wa pili. Familia imenipa kazi ya kusoma maisha ya mama kwa sababu kaka mkubwa hamalizi mstari bila kulia, na kwa sababu mama mwenyewe alisema mdomo wake nimeurithi mimi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la pamba. Alianza shule ya msingi mwaka 1958, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana hadi 1969, na ni huko bwenini ambako mjomba wake, aliyekuwa ng'ambo akisomea udaktari wa mifugo, alianza kumwandikia. Barua za mjomba zilisomwa kwa sauti zikawa za bweni zima, lakini bahasha hazikuwa na mwenyewe, basi akazichukua yeye, zile nyepesi zenye mistari myekundu na ya buluu pembezoni, akazilaza kati ya kurasa za atlasi. Alitueleza baadaye kwamba barua inasema anachotaka kusema mwandishi, ila bahasha inasema yaliyoipata njiani, ilipigwa muhuri wapi, ilikaa uwanja gani wa ndege, nani aliilowesha, nani aliikosea njia na nani akaisahihisha kwa kalamu. Hakuna aliyemfundisha hayo, aliyaona mwenyewe.

Alisomea upigaji picha za mionzi, akaajiriwa hospitali ya wilaya tarehe 2 Januari 1973, akadumu hapo mpaka alipostaafu mwaka 2011. Wenzake wa kazi wanakumbuka jinsi alivyokuwa akibaki baada ya zamu, akiweka bahasha zake juu ya kile kisanduku cha taa cha kusomea picha za mifupa, ili aone alama za maji ndani ya karatasi na mihuri iliyofifia. Ndipo wakamwita Mama Bahasha, kwa kumcheka, naye akalipokea jina hilo kana kwamba ni cheo. Siku daktari mkuu alipomkuta na kumwambia hospitali si mahali pa michezo, alijibu bila kuinua sauti, "Daktari, mgonjwa wa mwisho ameondoka, na picha yake ni safi. Saa hii ni yangu." Daktari akatoka, na kisanduku kikaendelea kuwaka.

Alifunga ndoa na baba yetu, mwokaji mikate, tarehe 18 Septemba 1976, na aliingia kwa wakwe akiwa na kabati la bahasha kabla ya kitanda. Bibi yetu mzaa baba aliuliza kama wajukuu watapikiwa bahasha, mama akajibu kwa adabu zote kwamba mwanawe ni mwokaji, njaa haitaingia ndani. Haikuingia. Walijaliwa watoto watatu, kaka mkubwa, mimi, na kitinda mimba wetu.

Sasa nifike mwaka 2014. Chama cha wakusanyaji wa barua za ndege kilikutana, kama kawaida yake, chumba cha nyuma cha duka letu la mikate, na mwenyekiti, wakili mstaafu ambaye leo yuko nasi na ameniruhusu niseme, alipendekeza chama kifungwe, kwa hoja kwamba wanachama ni mvi tupu, vijana hawaandiki barua, na hobi hii itakufa pamoja nao. Wengi waliitikia kwa kichwa. Mama akasimama, mikono ina unga kwa kuwa alikuwa akimsaidia baba, akasema, "Kama hakuna barua zinazopaa, tuzipaishe. Mnazika mtu anayepumua."

Alimwendea rubani wa ndege ndogo inayopeleka dawa kwenye zahanati za milimani, akimbembeleza kwa mikate ya moto wiki baada ya wiki, hadi rubani akakubali kubeba mfuko mmoja. Meneja wa posta alisema utaratibu wa kukabidhi barua kwa ndege ndogo hautumiki tena, mama akamwuliza umefutwa lini, meneja akatafuta tarehe asiipate, akatia saini. Wanafunzi wa sekondari ya jirani waliandika barua kwa wauguzi na wagonjwa wa milimani, zikagongwa mihuri, mtaa mzima ukaenda uwanjani kutazama, na ndege ikaruka. Kabla watu hawajafika majumbani ikarudi, kwa kuwa mlima ulikuwa umefungwa na mawingu.

Mtaa ulicheka, mimi nilikuwepo. Mama aliwapita wote, akaenda kwa mchonga mihuri, akaagiza muhuri wenye maneno "Ilirudishwa na mawingu", akagonga kila bahasha, na safari ya pili barua zikafika. Majibu yalirudi kwa ndege ileile, mengine yameandikwa na watu ambao hawakuwa wamepata barua maishani mwao. Tangu hapo mfuko umepaa kila mwaka, na bahasha zenye muhuri ule wa aibu ndizo wakusanyaji wa nchi za mbali wanazotuandikia kuziomba.

Mwaka 2021 figo zilianza kushindwa kazi. Aliyajibu maombi ya wakusanyaji hao akiwa amelazwa karibu na mashine ya kusafisha damu, akiwaagiza wauguzi wasimwage dawa kwenye stempu. Alifariki asubuhi ya tarehe 2 Juni 2023, kitinda mimba akiwa amemshika mkono.

Tangu msiba uanze nimeulizwa kwa sauti ya chini, jikoni na hapo uani, ni lini tutaliondoa lile kabati. Jibu nalitoa kwa sauti ya juu. Kabati halitoki. Chama kinakutana Jumamosi kama kawaida, katibu wake mpya ni fundi simu, ndiyo, fundi simu, anayesema kwamba simu anazozitengeneza hazimalizi mwaka wa tatu, wakati bahasha ya mama ina umri wa babu yake. Mwenye huruma na hobi inayokufa aje aione hiyo maiti, atapewa kiti na chai.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani mliolala chini nasi, wafanyakazi wenzake wa chumba cha mionzi, meneja wa posta, na rubani, ambaye ameniambia asubuhi hii kwamba mfuko wa mwaka huu ataubeba.

Mama, pumzika kwa amani, sisi tuna barua za kuandika.