Shangazi na Sakafu Iliyong'aa

Marehemu, ambaye hata wasio ndugu zake walimwita Shangazi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, kifungua mimba wa mshona viatu na mwalimu wa chekechea. Alisoma shule ya mtaani kwao, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1981 alihitimu shahada ya fizikia.

Alibaki chuoni kufundisha. Utafiti wake ulikuwa kukokotoa kwa kompyuta jinsi mwanga unavyoruka na kutawanyika ukigonga kitu laini kinachong'aa: kioo, bati jipya, vigae. Wanafunzi walimpa jina la Mama Mng'aro. Alilijua, akajifanya halijui.

Mwaka 1986 aliolewa na muuguzi wa wodi ya macho. Baadaye mama mkwe alihamia kwao, macho yakiwa yamefifia. Siku walipompeleka kliniki, alifika mwanzo wa korido akagoma. Alisema mbele kuna maji. Wahudumu walicheka, wakamhakikishia kwamba sakafu ni kavu. Shangazi aliinama mpaka usawa wa macho ya mama mkwe wake, akatazama.

"Mama anasema kweli," akawaambia. "Ukiwa hapa, ni maji."

Akamshika mkono, wakavuka taratibu kama wanaovuka kijito.

Tangu hapo alipima mwanga wa madirisha ya korido ile na kukokotoa ni mng'ao kiasi gani unaomchanganya mtu asiyeona vizuri. Alipoomba vigae vibadilishwe, msimamizi wa hospitali alimjibu kwamba sakafu isiyong'aa huonekana chafu. Shangazi alimrudia tena na tena, bila kupandisha sauti, mpaka korido ikawekwa vigae visivyong'aa. Mama mkwe alipita peke yake, akinung'unika kwamba wameharibu urembo.

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua Shangazi. Mumewe, aliyekwisha kustaafu, akarudia uuguzi kwa mgonjwa mmoja tu. Mchana mmoja alikuwa ameketi karibu na dirisha.

"Sogea, kipara chako kinanipiga machoni," Shangazi alimwambia.

Mzee akainuka, akaelekea mlangoni.

"Nimesema usogee. Sijasema uende."

Akarudi, akakaa upande wa pili wa kitanda. Hapo ndipo alipokuwa, mkono wa mkewe mkononi mwake, Shangazi alipofariki tarehe 2 Juni 2024.

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, na mdogo wake wa kiume, ambaye ni baba yangu. Alale salama, na amani imfunike.