Mzee Malachy Keaney, Mbunge wa Ireland Aliyeangushwa na Mkewe Bukoto

3 Machi 1945 – 7 Oktoba 2025

Mapadri, masheikh, wazee wetu, majirani wa Bukoto na ninyi mliotoka mbali, haya ndiyo maisha ya ndugu yetu Malachy kama familia ilivyokubaliana yasomwe. Anayesoma ni shemeji yake, Abdul-Karim Odyek, sajini mstaafu wa polisi. Mjane, Goretti Aloyo, alisomewa yote jana. Shemeji alipotaka kuruka jambo fulani la mwaka 2018, mjane alimkata kauli: "Soma. Hata hilo soma." Basi litasomwa, na asiyetaka kulisikia azibe masikio.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1945 katika kijiji kidogo cha Leitrim, kaskazini-magharibi mwa Ireland. Alikuwa mtoto wa nne wa Mzee Thomas Keaney, mfugaji wa ng'ombe, na mkewe Nora. Kwao mvua hainyeshi tu, inahamia kabisa. Hata hivyo mama yake alichota maji kwa ndoo, akivuka mashamba ya watu, kwa sababu nyumba yao haikuwa na bomba. Hadithi ya ndoo za mama yake aliisimulia katika kila mkutano aliowahi kuitisha. Sisi wakwe zake tulikuwa tumeikariri, na alipoanza tu kusafisha koo tulijua tunakwenda Leitrim.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini kwao, kisha sekondari ya mabruda, na mwaka 1965 alihitimu ualimu mjini Dublin. Miaka hiyo hiyo aliichezea wilaya yake mpira wa miguu wa Kiayalandi, ambao mchezaji anaruhusiwa kuudaka kwa mikono, kuupiga teke, na kumgonga mwenzake bega kwa bega huku refa anatazama. Huko kwao watu wazima hadi leo wanataja bao alilowafunga majirani zao mwaka 1968. Baadaye, alipojaribu kuwafundisha polisi wa kambi ya Naguru, Kampala, mchezo huo, Jumamosi moja tu ilitosha. Koplo mmoja alipoteza jino, na mkuu wa kambi akasema huo si mchezo, ni vurugu iliyopewa mpira.

Mwaka 1977 alichaguliwa kuwa mbunge, akakaa bungeni miaka kumi. Hakuwa msemaji mkubwa, lakini vijiji vingi vya jimbo lake vilipata maji ya bomba kwa sababu aliwasumbua mawaziri mpaka wakaona heri wampe anachotaka aondoke. Magazeti ya kwao yalimwita Mbunge wa Mabomba. Uchaguzi wa Februari 1987 ulimtupa nje. Huko mpiga kura huandika wa kwanza ni nani, wa pili nani, wa tatu nani, na marehemu alikuwa wa pili kwa karibu kila mtu. "Walinipenda sana," alikuwa akisema, "lakini walimpenda mwingine kwanza." Alicheka alipolisema hilo, ila lilimuuma, na waliomjua walilijua.

Septemba 1990 alishuka Entebbe kwa mkataba wa miaka miwili, kuja kujengea chemchemi za maji mtaa wa Kawempe, Kampala. Mkataba uliisha, yeye hakuondoka. Kuna akina mama waliokaa hapa mbele leo ambao walichota kwenye chemchemi zile wakiwa wasichana, na sasa wajukuu wao wanachota pale pale.

Mwezi wa tano 1991 alikwenda soko la Owino kutafuta shati. Goretti, binti wa Sajini Okidi wa kambi ya polisi Naguru, alikuwa na kibanda cha mitumba, na asubuhi hiyo alikuwa amefungua belo jipya la nguo. Mzungu mrefu, masikio mekundu kwa jua, akasimama mbele ya kibanda asiondoke. Alikuwa amekodolea macho fulana ya kijani iliyotundikwa juu. Kifuani ilikuwa na picha ya mtu, na chini ya picha jina: Malachy Keaney, 1987. Ilikuwa fulana ya kampeni yake mwenyewe, ile aliyoanguka, imezunguka dunia ikafika Kampala kabla ya kupata mnunuzi.

"Huyu ni mimi," akasema kwa Kiswahili cha kuokoteza.

Goretti akaitazama fulana, akamtazama yeye kuanzia kichwani. "Huyu? Huyu ni kijana, iko na nywele. Wewe ni mzee. Nunua au pisha wateja."

Akatoa pasipoti. Wauza mitumba wa jirani wakajaa, pasipoti ikapita mkono kwa mkono, wakacheka hadi wengine wakakaa chini. Goretti peke yake hakucheka. Alisema, "Kama ni wewe kweli, basi unaitaka kuliko mtu mwingine. Bei imepanda." Akalipa. Kesho yake akarudi, na alipoulizwa safari hii anataka nini, akasema hakufuata nguo.

Mzee Okidi, Mungu amrehemu, hakuzungumzia ng'ombe kwanza. Sharti lake lilikuwa moja: "Mkwe wangu hataongea na mimi kwa mkalimani. Kiingereza ni ya ofisi." Basi Malachy akaletwa kambini afundishwe Kiswahili na polisi, na ndiyo maana Kiswahili chake kilibaki cha gwaride mpaka mwisho. Watoto wake aliwaamsha kwa "Amka! Panga mstari! Piga mswaki!" na alipoomba chumvi mezani ungedhani anadai ripoti ya doria. Lakini mbele ya wazee alisema maneno yake yote bila karatasi, jasho likimtiririka, na Mzee Okidi akampa mkono. Walifunga ndoa tarehe 12 Juni 1993 katika kanisa la Naguru. Pilau ilipikwa na upande wetu wa Waislamu, na hakuna aliyerudi nyumbani na njaa. Mungu aliwajalia watoto wawili, Babra Aryemo na Ocira.

Mwaka 1995 walihamia Bukoto, na hapo ndipo shida ya dada yetu ilipoanzia. Majirani waligundua kwamba mzungu yule alikuwa mbunge kwao, wakamwita Mheshimiwa, kwanza kwa utani, baadaye kwa mazoea. Alfajiri kabla ya chai, "Mheshimiwa yuko?" Huyu uzio wake umesogezwa, yule mtoto wake amekamatwa, mwingine anataka barua ya kupeleka hospitali. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji, wa wazazi shuleni, na wa chama cha kuzikana. Hakumfukuza mtu hata mmoja. Goretti alirudi kutoka Owino amechoka, akakuta baraza limejaa, akabandika sufuria kubwa ya chai.

Mwaka mmoja, siku ya kumbukumbu ya ndoa yao, dada yetu alipika kuku na malakwang ya karanga, mboga ya kwetu, akavaa gomesi jipya, gauni la sherehe. Malachy akaingia na wanaume wawili wanaogombea mbuzi, akawaketisha mezani ili wapatane. Walipatana, na kuku wakammaliza. Goretti alikula malakwang jikoni, amesimama, na gomesi lake. Watu walipomwambia amshukuru Mungu kwa kupata mume mtu wa watu, alijibu "Ndiyo" na kuendelea na kazi zake. Alimpenda mno, jamani. Lakini mume huyo alimpata kwa zamu kama mtu aliyepanga foleni ya daktari, na zamu yake ndiyo iliyokuwa ikirukwa.

Sasa tufike 2018. Serikali ilitangaza uchaguzi wa wenyeviti wa mitaa, LC One, baada ya miaka mingi bila uchaguzi huo. Marehemu alikuwa raia wa Uganda tangu 2012, naye akawa na umri wa miaka sabini na mitatu. Mwezi wa pili daktari alikuwa amewaambia wote wawili kwamba moyo wake umechoka na apumzike. Goretti alilisikia neno lile na likamwondolea usingizi. Malachy alilisikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Akachukua fomu ya kugombea. Mpinzani wake alikuwa Saverio, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye Goretti alikuwa amegombana naye miaka kadhaa kwa ajili ya mtaro wa maji machafu. Mtaa mzima ulisema Mheshimiwa ameshashinda.

Tarehe 10 Julai watu walikusanyika uwanjani. Mnajua wenyewe jinsi kura ile inavyopigwa: mgombea anasimama mbele, wanaomtaka wanapanga mstari nyuma yake, hakuna karatasi wala siri. Mstari wa Malachy ulikuwa mrefu, na Goretti alikuwa karibu na mbele, kama mke anavyotakiwa. Kabla hesabu haijaanza, alitoka. Alikaza kitenge chake kiunoni, akavuka majani polepole mbele ya macho ya wote, akasimama nyuma ya Saverio.

"Banange, jamani!" mtu akapiga kelele.

Saverio mwenyewe aligeuka, amechanganyikiwa. "Mama Babra, umepotea mstari?"

"Sijapotea. Wewe angalia mbele."

Wanawake wa kwaya wakanong'onezana: mke anajua kitu ambacho sisi hatujui. Wa kwanza kumfuata alikuwa Latifah wa duka la mkaa, ambaye hata hayuko kwenye kwaya. Wakafuata wengine, wakafuata na waume zao. Ilipohesabiwa, Saverio alikuwa amepita kwa watu wachache. Malachy akamshika mkono, akampongeza kwa sauti ya gwaride, kisha akaondoka na mkewe kwa miguu. Nusu ya mtaa iliwafuata kwa mbali, isije ikapitwa na ugomvi. Walipofika mlangoni Malachy akauliza, "Chai iko?" Goretti akajibu, "Iko." Wakaingia, mlango ukafungwa.

Alisemwa, dada yetu! Owino alisemwa, kanisani alisemwa, kwamba amemwaibisha mumewe mchana kweupe. Hakujitetea kwa mtu. Lililomla moyo ni kwamba Malachy hakumuuliza kitu. Leo hakuuliza, mwezi ukapita hakuuliza, mwaka ukapita. Goretti aliogopa kwamba ameumia tena kama alivyoumizwa kwao, na safari hii mwenye kumuumiza ni mkewe. Wakati huo watu wa shida walikuwa wameanza kwenda kwa Saverio, mmoja mmoja, mpaka baraza likabaki na viti viwili. Mzee akajifunza kucheza ludo na kudanganya kwenye ludo. Akajifunza kusonga kwon, ugali wetu wa wimbi, ukatoka na madonge, na wakaula hivyo hivyo.

Kuanzia 2023 miguu ilianza kuvimba, pumzi ikapungua. Agosti mwaka huu alilazwa, na ni kitandani pale Goretti alipochoka kungoja.

"Malachy, mbona hukuniuliza?"

"Kuuliza nini?"

"Unajua."

Akasema kwa Kiswahili chake kile: "Goretti, mimi nilipigiwa kura nyingi sana. Kila kura ilikuwa inanituma. Nenda Dublin, nenda kwa waziri, nenda mkutano. Yako tu ndiyo ilisema, kuja nyumbani. Nilisikia pale pale uwanjani."

Goretti alilia kwa furaha na kwa hasira pamoja. "Miaka yote hii nabeba kitu hii, na wewe unaelewa! Si ungesema?"

"Niliogopa," akasema. "Ukijua nimefurahi, utanionea huruma, utaniambia nigombee tena."

Alirudishwa nyumbani mwezi wa tisa. Alifariki Jumanne tarehe 7 Oktoba 2025, alasiri, kwenye kiti chake barazani. Goretti alikuwa kando yake akichambua maharage. Hakukuwa na mgeni.

Dada yake, Bi Bridget Keaney, pamoja na wabunge wa zamani wa kwao, waliomba mwili urudishwe Leitrim uzikwe kwa heshima na bendera. Goretti alizungumza na wifi yake kwa simu, Babra akitafsiri. Alimwambia: "Wifi, heshima mlimpa, nashukuru. Ila huyu mtu alichelewa sana kufika nyumbani. Sasa amefika, usimwondoe." Bi Bridget alilia, kisha akakubali. Ndiyo maana tuko hapa kwenye shamba lao la Matugga leo.

Marehemu ameacha mjane, Goretti Aloyo, watoto, Babra Aryemo na Ocira, mkwe mmoja, Wanjala, wajukuu wawili, dada yake Bridget huko Ireland, na sisi mashemeji, tuliomfundisha Kiswahili kibaya na hatujutii.

Mwisho ni maombi ya mjane. Tunaona magari yenye mabango nje, tunajua ni msimu wa kampeni, na waheshimiwa wagombea mmefanya vizuri kuja. Lakini hakutakuwa na hotuba, na kipaza sauti kitazimwa baada ya sala. Mchanga ukishawekwa, tunawaomba wote mwende Bukoto mkale. Goretti atabaki hapa na mumewe, wawili tu, mpaka aseme basi. Wazee wamelalamika kwamba si desturi kumwacha mjane peke yake kaburini. Tumewajibu kwamba alitugawia mume wake tangu 1995, na leo tumrudishie.

Mwenye shida yoyote aende kwa Saverio, yuko hapa, amekubali. Malachy asiitwe tena na mtu. Apumzike kwa amani, na mkewe awe naye.