Mama Propela, Fundi Aliyekataa Kutoa Ufunguo

Marehemu mama yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa nne na binti pekee wa fundi viatu na mkunga. Bibi alikuwa akisema mtoto huyo alikuja duniani na sikio la ziada: cherehani ya ngozi ikibadilisha mlio, aliacha kutambaa akageuza shingo.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1972, akaingia chuo cha ufundi mwaka 1975, msichana peke yake darasani. Siku ya kwanza mwalimu alimwuliza kama alikuwa akitafuta darasa la upishi. "Hapana, mwalimu," alisema, "jikoni ndiko nilikotoka asubuhi hii." Darasa zima lilicheka, mwalimu naye akacheka.

Mwaka 1978 aliajiriwa kwenye gereji iliyokuwa nyuma ya soko la mbao, na huko ndiko alikopata jina la Mama Propela. Asubuhi moja mwaka 1983 dereva wa kwaya alileta gari kuukuu lililotetemeka likishika mwendo. Magurudumu yalikuwa yameshasawazishwa uzito mara mbili, na tairi mbili mpya zimefungwa. Wanakwaya walikuwa wamejipanga nje na mabegi yao, safari ya milimani ikiwasubiri.

Mama alimwambia dereva aendeshe, yeye akakaa kiti cha nyuma, akisikiliza. Usukani ulikuwa umetulia. Kiti ndicho kilichotikisika. Basi magurudumu ya mbele hayakuwa na kosa. Dereva alipokanyaga mafuta, mtetemo ulizidi, alipoachia, ulipungua.

"Hii si tairi," mama alisema. "Tairi haijali mguu wako uko wapi. Turudi."

Waliporudi, mama alichomoa ufunguo akautia mfukoni.

"Dada, watu wananingoja!" dereva alifoka. "Gari zee lazima litikisike kidogo."

"Kaka, uzee si ugonjwa. Njoo uone."

Walilala chini ya gari bega kwa bega. Mama alishika propela, ule mhimili unaopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, akaizungusha huku na huku. Ililia *kaka-kaka*. Krosi yake, kiungo cha chuma kinachoishikilia mbele, ilikuwa imelika na kupasuka. Kama ingekatika kwenye mteremko, propela ingeanguka, ikajikita kwenye lami na kulibinua gari. Dereva akatoka, akawaambia wanakwaya washushe mabegi.

Krosi mpya ilifungwa jioni, kwaya ikasafiri kesho yake. Dereva aliendelea kuja gereji hata gari likiwa zima, mpaka mafundi wakaanza kumwita shemeji. Yeye na mama walifunga ndoa tarehe 7 Septemba 1985. Mwaka 1991 mama alifungua gereji yake mwenyewe, akaiongoza mpaka alipostaafu.

Mwaka jana aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo. Alimwambia daktari, "Sema wazi, mwanangu. Mimi mwenyewe sikuwaficha wenye magari." Alipokea matibabu kwa moyo mkunjufu, na yalipokosa kufaa akachagua kurudi nyumbani. Alifariki tarehe 2 Juni mwaka huu, mchana, baba akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, mabinti wawili, mtoto wa kiume mmoja, wajukuu watano na kaka mmoja. Pia mafundi aliowafunza, wanaoendesha gereji zao leo.

Lala kwa utulivu, mama. Kazi umeifanya, na tumeiona.